Mali bila Daftari: Namna ya Kuchagua Mfumo Jumuishi wa Kusimamia Biashara

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo haujapitwa na wakati. Kilichobadilika ni daftari lenyewe. Katika mji wa Ifakara na katika vituo vya biashara vya Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu na Mang'ula hadi Mbingu, Mngeta na Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Lupiro na Malinyi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, duka la pembejeo au ghala la nafaka huweza siku yoyote kufikiwa na muuzaji wa programu ya kompyuta. Muuzaji huyo humwambia kwamba programu yake itashika stoo, mauzo, madeni, mishahara na hesabu zote kwa pamoja.

Ahadi hiyo inaweza kuwa ya kweli. Inaweza pia kumgharimu mnunuzi fedha nyingi na kumwacha bila programu na bila daftari. Makala haya yanaeleza mfumo wa namna hiyo ni kitu gani, unamfaa nani, na mambo ya kuhakikisha kabla ya kutia saini au kulipa.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Unaponunua mfumo wa kusimamia biashara, kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote si programu, bali ni kumbukumbu utakazoziweka ndani yake. Programu huweza kununuliwa tena. Kumbukumbu za misimu mitatu ya manunuzi, mauzo na madeni, zikipotea, hazinunuliki popote.

Mfumo jumuishi ni nini?

Biashara ya kawaida ina madaftari kadhaa: la stoo, la mauzo, la wadaiwa, la mishahara na la benki. Kila daftari hujazwa peke yake. Mkulima anapochukua mifuko minne ya mbolea kwa mkopo, karani hupaswa kuandika mahali patatu: stoo imepungua mifuko minne, mauzo yameongezeka, na mkulima anadaiwa. Akisahau mahali pamoja, hesabu za mwisho wa mwezi hazitalingana, na hakuna atakayejua kosa liko wapi.

Katika mfumo jumuishi, tukio huandikwa mara moja tu. Karani akiingiza mauzo ya mifuko minne, stoo hupungua yenyewe, deni huandikwa kwa jina la mkulima, ankara hutoka, na leja ya hesabu hubadilika papo hapo. Mwenye biashara aliye safarini Morogoro au Dar es Salaam anaweza kuona hali ya ghala lake bila kumpigia simu mtunza stoo.

Mifumo hii ilianzia katika viwanda vikubwa. Kampuni ya SAP ya Ujerumani, mojawapo ya waasisi wa biashara hiyo, ilianzishwa mwaka 1972, na jina la kifupi ERP, ambalo wauzaji hupenda kulitumia, lilianza kutumika mwaka 1990. Leo ipo mifumo iliyokusudiwa kampuni ndogo na za kati. Odoo kutoka Ubelgiji na ERPNext kutoka India ni mifano ya mifumo yenye toleo la programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bila kulipia leseni. Nyingine, kama Tally, Sage na QuickBooks, zilianzia kwenye hesabu na zikaongeza kazi nyingine baadaye. Kutajwa kwa majina haya si kuyapendekeza. Ni kumwezesha msomaji kuyatambua atakapoyasikia.

Uunganishaji huo una upande wake wa pili, nao husemwa mara chache wakati wa maonyesho ya bidhaa. Kwa kuwa kila kitu kimeunganishwa, kosa moja la karani huenea katika hesabu zote. Na kwa kuwa kila kitu kiko nyuma ya mlango mmoja, mwenye ufunguo wa mlango huo anaweza kuifunga biashara yako nzima.

Je, biashara yako inauhitaji?

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaihesabu biashara yenye wafanyakazi 5 hadi 49 kuwa ndogo, na yenye wafanyakazi 50 hadi 99 kuwa ya kati. Idadi ya wafanyakazi, hata hivyo, si kipimo pekee. Mfumo jumuishi huanza kuwa na faida pale unapoona dalili hizi:

- Una stoo au matawi zaidi ya moja, kwa mfano ghala Ifakara na duka Mlimba, na hujui kilichomo katika kila mahali bila kwenda kuhesabu.
- Watu zaidi ya watatu huingiza kumbukumbu za biashara ileile.
- Unauza kwa mali kauli, na wadaiwa ni wengi kiasi kwamba daftari halitoshi kuwafuatilia.
- Bidhaa hubadilika umbo mikononi mwako: mpunga kuwa mchele, mbao kuwa samani.
- Kila mwisho wa mwezi siku kadhaa hupotea katika kulinganisha madaftari.

Duka la mtu mmoja lenye bidhaa chache halina sababu ya kununua mfumo wa namna hii. Daftari lililotunzwa vizuri, jedwali la Excel au programu ndogo ya mauzo vinatosha. Tena, kama madaftari ya sasa hayajazwi, kompyuta haitayajaza. Anayeshindwa kuandika kwa kalamu atashindwa pia kuandika kwa kibodi, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kinachofikiria kununua mfumo kianze kwa kuonana na Afisa Ushirika. Tume ya Maendeleo ya Ushirika tayari inao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kama MUVU, na haitakuwa busara kulipia kazi ambayo tayari inafanyika humo.

Pima mfumo kwa kazi yako ya siku moja

Muuzaji huja na mifano yake, nayo hufanya kazi vizuri kila mara. Usiukubali mfumo kwa mifano hiyo. Chukua kumbukumbu za siku yako moja ya kweli wakati wa mavuno, na umwombe aziingize zote mbele yako.

Tuseme ulipokea kilo 10,000 za mpunga, ukakoboa, ukapata kilo 6,400 za mchele, na zilizobaki zikawa chenga, pumba na maganda. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya duka la rejareja inajua mambo mawili tu: kununua na kuuza. Itaonyesha kwamba kilo 10,000 za mpunga bado zimo stoo, na utakapouza mchele itaonyesha kwamba mchele umepungukiwa kilo 6,400, kwa kuwa haukununuliwa. Mfumo unaofaa lazima ujue kubadilisha mali ghafi kuwa bidhaa, uigawe gharama kati ya mchele na mazao mengine, na ukuonyeshe kiasi kilichopotea. Kiasi hicho ndicho kitakachokuambia kama mashine inahitaji matengenezo au kama kuna mkono mrefu ghalani.

Mambo mengine ya bonde hili yanayopaswa kujaribiwa ni haya:

*Mkopo unaolipwa kwa mazao.* Mkulima aliyekopa mbolea wakati wa kupanda huweza kulipa kwa mpunga baada ya mavuno. Uliza kama mfumo unaweza kupokea magunia, kuyapa bei ya siku hiyo, na kupunguza deni.

*Mpunga wa watu wengine.* Mwenye mashine hutunza mizigo ya wateja wanaosubiri kukoboa au kusubiri bei ipande. Mzigo huo umo ghalani mwako lakini si mali yako. Mfumo usioweza kutenganisha hivyo viwili utakuonyesha utajiri usiokuwa nao.

*Makato.* Chama cha wakulima wa miwa wanaopeleka kiwandani Kidatu hulazimika kukata gharama za uvunaji, usafiri, pembejeo na michango kabla ya kumlipa mwanachama. Mfumo uonyeshe kila kato peke yake, ili mwanachama aweze kuhoji.

*Vipimo.* Mfumo uandike uzito kwa kilo. Neno "gunia" likiachwa bila uzito, lumbesa itahamia kutoka kwenye gunia hadi kwenye kompyuta, na mkulima atapunjwa kwa karatasi iliyochapwa vizuri.

*Umeme na mtandao.* Bonde hili limepakana na mitambo miwili mikubwa ya umeme wa maji, Kidatu wenye uwezo wa megawati 204 na Kihansi wenye megawati 180, lakini ukaribu wa mtambo hauzuii nyaya kukatika wakati wa mvua. Uliza: intaneti ikikatika saa tano asubuhi, foleni ya wakulima ikiwa mlangoni, karani ataendelea kuandika? Na mtandao ukirudi, kumbukumbu za muda huo zitaingia zenyewe? Mwombe muuzaji azime intaneti mbele yako, uone.

*Mafuriko.* Wakati wa masika maji ya Kilombero na mito yake hutapakaa. Kompyuta yenye kumbukumbu zote, iliyowekwa chini katika chumba kimoja na mashine, ni hatari. Nakala rudufu ikae mahali pengine, mbali na jengo hilo.

Hesabu gharama yote

Tangazo la "shilingi 40,000 kwa mwezi" halisemi mengi. Mara nyingi bei hiyo ni ya mtumiaji mmoja. Hebu tufanye hesabu ya miaka mitatu kwa biashara yenye watumiaji watano. Viwango hivi ni vya mfano tu.

- Ada ya matumizi: 40,000 × watumiaji 5 × miezi 36 = shilingi 7,200,000
- Kusimika na kurekebisha mfumo: shilingi 3,000,000
- Mafunzo ya makarani: shilingi 800,000
- Intaneti: 60,000 × miezi 36 = shilingi 2,160,000
- Kifaa cha kuhifadhi umeme: shilingi 500,000
- Jumla: shilingi 13,660,000

Kile kilichoonekana kuwa shilingi 40,000 kwa mwezi kimekuwa wastani wa karibu shilingi 380,000 kwa mwezi. Huenda bado inafaa kulipwa, lakini ni uamuzi mwingine kabisa. Hata programu huria, ambayo leseni yake ni ya bure, huhitaji mtaalamu wa kuisimika na kuitunza, na huyo hulipwa.

Uliza pia kuhusu miezi mitupu. Biashara ya mpunga huchemka baada ya mavuno na kupoa miezi mingine. Mkataba unaoruhusu kupunguza idadi ya watumiaji nje ya msimu unaweza kuokoa fedha nyingi. Aidha, tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazotolewa hapa nchini. Muuzaji wa hapa nchini anayekutajia bei kwa dola aombwe kuiandika kwa shilingi.

Kumbukumbu ni zako: yaandikwe katika mkataba

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tafakari mwenye ghala aliyetumia mfumo kwa misimu miwili. Muuzaji anapandisha ada, au anafunga ofisi, au wanagombana kuhusu malipo. Asubuhi moja neno la siri halikubali. Madeni ya wakulima mia mbili yamo humo ndani. Hawezi kudai, kwa kuwa hana orodha. Wala hawezi kumkatalia anayesema amekwisha kulipa. Madaftari ya zamani yaliachwa kuandikwa siku mfumo ulipoanza.

Balaa hilo huzuiwa kabla ya kununua, si baada ya kulipa. Hakikisha mkataba ulioandikwa, kwa lugha unayoielewa vizuri, unasema haya:

1. Kumbukumbu zote ni mali ya mnunuzi.
2. Mnunuzi anaweza kuzitoa zote wakati wowote, bila malipo ya ziada, katika muundo unaofunguka kwenye programu nyingine, kama vile jedwali la Excel. Picha au karatasi zilizochapwa hazitoshi.
3. Mkataba ukivunjika kwa sababu yoyote, mnunuzi anapewa muda uliotajwa, tuseme siku 60, wa kuzichukua.
4. Akaunti kuu ya usimamizi imesajiliwa kwa jina na namba ya simu ya mwenye biashara, si ya fundi wala ya karani.
5. Nakala rudufu inafanywa kila siku, na imetajwa inahifadhiwa wapi.
6. Ada haitapandishwa bila taarifa ya maandishi ya muda uliokubaliwa.
7. Mfumo ukisimama, muuzaji ataitikia ndani ya saa zilizotajwa. Na ijulikane kama fundi atatoka Ifakara, Morogoro au Dar es Salaam.

Usingoje ugomvi ili kujua kama kifungu cha pili kinatekelezeka. Toa kumbukumbu zako zote mara moja kila mwezi, uzifungue katika kompyuta nyingine, na uhesabu kama wadaiwa wote wamo.

Taarifa za wateja na wafanyakazi

Mfumo wako utabeba majina, namba za simu, madeni na mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtwisha wajibu anayekusanya taarifa hizo. Mkusanyaji hapa ni wewe mwenye biashara. Muuzaji anayezihifadhi ni mchakataji. Sheria inahitaji usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kwa hiyo muulize muuzaji kompyuta zinazohifadhi taarifa ziko nchi gani, na ni nani katika kampuni yake anayeweza kuzisoma.

Ndani ya biashara yenyewe, kila mtumiaji awe na jina lake na neno lake la siri. Mtunza stoo hahitaji kuona mishahara. Karani akiacha kazi, ruhusa yake ifungwe siku hiyohiyo.

Mfumo na kodi

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka mitano. Wajibu huo ni wako hata kama muuzaji wa programu ametoweka. Maneno "mfumo umefungwa" hayatakuwa utetezi mbele ya mkaguzi.

Fahamu pia kwamba ankara iliyotolewa na mfumo wako si risiti ya kodi kwa sababu tu imechapwa vizuri. Anayewajibika kutoa risiti za kielektroniki lazima azitoe kwa mashine ya EFD au kwa programu iliyounganishwa na mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Muuzaji akidai kwamba mfumo wake "umekwisha kuunganishwa na TRA", usikubali kwa maneno. Hakikisha katika ofisi ya TRA.

Viwango na masharti ya kodi hubadilika. Kizingiti cha kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa mfano, kilipandishwa Julai 2023 kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Mkataba useme ni nani atakayebadilisha mfumo sheria inapobadilika, na kwa gharama ya nani.

Kuhama kutoka daftari hadi kompyuta

Usihame katikati ya mavuno. Miezi iliyotulia kabla ya msimu ndiyo ya kuhesabu stoo yote kwa mikono, kuandika orodha ya wadaiwa na kuwaita wathibitishe madeni yao, kisha kuingiza takwimu hizo za mwanzo. Takwimu za mwanzo zikiwa na makosa, kila ripoti itakayofuata itakuwa na makosa.

Endelea kuandika daftari sambamba na mfumo kwa mwezi mmoja au miwili. Ni kazi ya ziada, na makarani watalalamika, lakini ndiyo njia ya kugundua tofauti mapema. Anza na stoo na mauzo. Mishahara na mengineyo yafuate yale ya kwanza yakishazoeleka. Malipo nayo yafuate hatua: sehemu wakati wa kuanza, sehemu mafunzo yakikamilika, na kiasi cha mwisho baada ya hesabu za mwezi mzima kulingana.

Ukiwa na malalamiko

Anza kwa kumwandikia muuzaji, ukieleza tatizo, tarehe na unachotaka kifanyike. Tunza tangazo, mkataba, stakabadhi, na ujumbe wote mliotumiana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki. Asipojibu:

- Ulipotoshwa kuhusu uwezo au bei ya bidhaa: Tume ya Ushindani (FCC), chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.
- Taarifa za watu zimevuja au zimetumiwa isivyo halali: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.
- Mtu ameingia katika mfumo bila ruhusa au amefuta kumbukumbu: Polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.
- Mkataba umevunjwa: mahakama yenye mamlaka, baada ya kupata ushauri wa mwanasheria.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Je, nimeuona mfumo ukifanya kazi yangu ya siku moja, tangu mpunga ulipopokelewa hadi mchele ulipouzwa?
2. Je, najua gharama yote ya miaka mitatu?
3. Je, umeme na intaneti vikikatika, kazi itaendelea?
4. Je, akaunti kuu iko kwa jina langu?
5. Je, nikitaka kuondoka kesho, nitaondoka na kumbukumbu zangu zote?

Jibu la swali la tano likiwa "hapana" au "tutaona", usilipe. Rudi kwenye daftari lako la karatasi na utafute muuzaji mwingine. Daftari hilo lina upungufu mwingi, lakini hakuna mtu aliye mbali anayeweza kulifunga wakati wewe umelishika mkononi.